Nta Nyeusi

Nilinyolewa mwezi wa saba, mvua ikianza,
kwa ajili ya mama, aliyekufa akidai mwana mtawa
kama mtu anavyodai deni dogo, kwa kucheka.
Miezi mitatu tu, nilimwambia mpwa wangu Vilasak,
nikimkabidhi khene yangu, imeviringwa shuka la marehemu.
"Usiipige. Ipunge upepo tu, mende wasiile."
Mtoto akaitikia kwa adabu ya mwongo.

Khene, kwa asiyeijua:
mabomba kumi na sita ya tete, safu mbili,
yamepenya kijumba cha mti kinachokaa viganjani
kama ndege mgonjwa.
Ndani ya kila bomba, ulimi wa shaba, mwembamba kuliko ukucha.
Ukivuta pumzi, inalia. Ukiitoa, inalia.
Na bomba haliimbi mpaka uzibe tundu lake;
lililo wazi ni bubu.

Kuna na nta. Nta nyeusi ya nyuki wadogo wasiouma.
Unabandika punje moja juu ya tundu,
sauti ile ibaki inavuma wimbo mzima
vidole vingine vikienda matembezini.

Hekaluni nilikaa na pumzi kama nilivyoagizwa:
inaingia, ijue; inatoka, ijue.
Lakini pumzi yangu ilikuwa na ajira yake, miaka thelathini.
Ikiingia, ilitafuta shaba.
Mazoea yana taabu.
Alfajiri, nikipokea wali wa kunata kwenye bakuli,
nilihesabu hatua za wenzangu, nne kwa nne,
na sharti la saba, lile la kuacha ngoma na nyimbo,
nililikariri kwa sauti nzuri mno.

Kisha jioni moja, ng'ambo ya ukuta, Vilasak.

Alikosea palepale
anapokosea tangu ana miaka tisa.
Chini ya vazi la rangi ya manjano
vidole vyangu vikaziba matundu yasiyokuwepo,
vikamsahihisha, vikamkemea, vikamvuta sikio.

Achan Bunthong, macho kayafumba:
"Umeziba lipi sasa?"
"La tano, kushoto."
Akanyamaza sana. Mbu akapita kati yetu.
"Mimi ningeziba la sita."

Hakuna aliyewahi kuniambia
alikuwa nani kabla ya wembe.

Nikamuuliza, basi ni kosa kusikia?
"Sikio halina kope," alisema.
Mvua ilikuwa inapiga bati la jikoni, ovyo ovyo.
"Na hii je? Imekosea wapi?"

Sikupata jibu. Nilikasirika, kusema kweli,
nikalala na hasira, nikaamka nayo.
Usiku baada ya usiku mtoto alipiga, nami nikamsahihisha.
Hata siku moja, sijui ya ngapi,
kosa lake likaja, likapita
kama mbuzi anayekatiza njia kwa shughuli zake.
Wimbo ukaendelea. Ukaisha.
Sikuukimbilia nyuma.
Ulikuwa mtamu, sitadanganya,
mtamu kuliko ulipokuwa wangu.
Kesho yake nilikaa nikiungojea uwe vile tena,
na bila shaka haukuwa.

Mwezi wa kumi, taa za majani ya migomba zikielea mtoni,
nilivua vazi. Vilasak akaja na shuka la bibi yake.
"Bomba la tatu limepasuka," akasema kabla sijauliza.
Nikaipakata. Nikavuta pumzi: ikalia.
Nikaitoa: ikalia.
Nikamrudishia.

Alipoanza kupiga, watu wakamzunguka, akafika pale,
palepale,
nikafungua mdomo: "La ta—"
Nikaufunga. Akanitazama, mashavu yamejaa pepo.
"Piga," nikamwambia.

Kumbe nta yake mpya imenasa kwenye kidole changu gumba.
Naikwangua kwa ukucha tangu jana.
Haijatoka yote.